Nyongeza ya mshahara au bima ya matibabu, na mwanangu ndiye mgonjwa

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni baba wa watoto wawili. Naishi Mikindani, Mombasa, na nafanya kazi katika kiwanda kimoja Changamwe, jina nalihifadhi. Wenzangu walinichagua niwe mwakilishi wao wa chama cha wafanyakazi, na kazi hiyo naipenda. Lakini sasa imeniletea mtihani ambao usiku haunipi usingizi.

Kiwanda kina wafanyakazi 480 wa kudumu, na wengine kama 200 wanaoletwa na ajenti na kulipwa kwa siku. Mkataba wetu wa pamoja, CBA, unaisha, na tuko mezani na kampuni kuandika mwingine wa miaka miwili. Kampuni imeleta mambo mawili, tuchague moja. La kwanza ni nyongeza ya Sh2,000 kwa mwezi kwa kila mtu. La pili ni nyongeza ya Sh600 pamoja na bima ya matibabu ya mfanyakazi na familia yake: kulazwa hadi Sh300,000 kwa mwaka kwa familia nzima, na matibabu bila kulazwa hadi Sh30,000. Wengi wetu mshahara wa jumla ni kama Sh32,000.

Watu wamegawanyika. Vijana wasiooa wanataka pesa mkononi. Wanasema SHA, bima ya afya ya serikali, tunakatwa tayari, 2.75% kila mwezi, mwajiri haongezi hata senti, ya nini kulipia hospitali mara mbili? Wenye familia wanataka bima. Wamechoka na daftari la mchango. Hapa kwetu mtu akilazwa, daftari huanzia stoo, likapita kwa mashine, likapita kwa wapakiaji, kila mmoja anaandika mia au mia mbili, na likifika mwisho bado bili haijafika nusu.

Sasa siri yangu. Binti yangu wa kwanza ana miaka saba na ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Kila siku anakunywa dawa, na maumivu yakimshika tunalazwa. Pikipiki niliyokuwa nikifanyia biashara jioni nimeuza. Kazini hakuna anayejua ila binamu yangu mmoja, kwa sababu nyumbani mambo si shwari: mamangu anasema ugonjwa umetoka upande wa mke wangu, na sitaki maneno hayo yafike kiwandani.

Juzi meneja wa wafanyakazi aliniita, akafunga mlango. Akaniambia anajua nina mtoto mgonjwa, ameona maombi yangu ya ruhusa. Akasema: "Hii ya elfu mbili ikipita bila kelele, mtoto wako tutamwingiza kwenye bima ya mameneja. Itabaki baina yetu." Sikusema ndiyo wala la. Niliaga nikatoka.

Mke wangu asema nipiganie bima ya wote, basi. Lakini nikisimama mbele ya wenzangu kuisifu bima, si nitakuwa natumia kura zao kumtibu mwanangu? Nikikaa kimya ikapita elfu mbili, mwanangu atabaki vile vile. Nikikubali ya meneja, mtoto atatibiwa na mimi sitaweza kumtazama mtu usoni. Na je, Mama, kwa nini serikali isizilazimishe kampuni kubwa zichangie matibabu ya wafanyakazi wao, tukaondokana na kubembelezana huku?

Nishauri.
Mwakilishi, Mikindani

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, wewe na mama watoto, na Mola amuafu binti yenu.

Barua yako ina mambo matatu yaliyosokotana, ndiyo maana kila ukivuta uzi mmoja mwingine unakaza. Kuna mkataba wa watu 480. Kuna ugonjwa wa mtoto. Na kuna maneno yaliyosemwa mlango ukiwa umefungwa. Nitayachukua moja moja, na uamuzi nitakuachia wewe, maana wewe ndiwe utakayeishi nao.

Kabla ya yote, hili la mamako. Mtoto hapati selimundu mpaka arithi chembe ya ugonjwa huo kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, wote wawili. Wewe umebeba na mkeo amebeba, na nyote ni wazima. Wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuwa na ugonjwa. Mwambie mamako kwa adabu, ikiwezekana mwende naye siku ya kliniki ayasikie kwa daktari. Lawama hiyo ikiondoka nyumbani, siri uliyonayo kazini itapungua uzito.

Tuje kwenye mkataba. Unasema kuisifu bima ni kutumia kura za wenzako kumtibu mwanao. Nakuuliza: kijana asiye na mke anayetaka elfu mbili, yeye hana lake? Na yule wa stoo mwenye mama mzee mwenye kisukari? Kila aliyeko kwenye mkutano ule ana mgonjwa wake au ana deni lake, na chama kipo ili hayo yote yafike mezani. Kuwa na haja si kosa. Linalowachoma watu ni kugundua baadaye kwamba mwakilishi alikuwa na haja asiyoisema. Kwa hivyo swali lililo mbele yako huenda likawa dogo kuliko ulivyolifanya: ni kiasi gani cha jambo hili wenzako wanastahili kujua, na kutoka kwa nani.

Sasa jambo ambalo nahisi hujaliuliza, na ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Umechukulia kwamba bima ikipita, binti yako atatibiwa. Usiwe na hakika bado. Bima za kikundi huwa na kikomo kikubwa kinachotangazwa, hapo kwenu Sh300,000, na ndani yake vikomo vidogo ambavyo havitangazwi mkutanoni. Kimoja ni cha magonjwa sugu na yale mtu aliyokuwa nayo kabla ya kujiunga. Kingine ni cha magonjwa ya kuzaliwa nayo. Selimundu inaweza kutupwa kwenye fungu lolote kati ya hayo mawili, au ikaachwa nje kabisa, kulingana na bima ilivyoandikwa. Pengine pia kuna muda wa kungojea kabla magonjwa sugu hayajaanza kulipiwa, ingawa kwa kikundi cha watu 480 muda huo mara nyingi huweza kuondolewa mkiuomba kabla ya kutia sahihi. Baada ya sahihi hamna nguvu tena.

Halafu angalia ile Sh30,000 ya matibabu bila kulazwa. Mtoto mwenye selimundu hugharimu nje ya wodi pia, si ndani tu: foliki asidi kila siku, dawa ya kuzuia malaria, hidroksiyurea kama ameandikiwa, na vipimo vya damu vya mara kwa mara ili daktari ajue dozi inamfaa. Chukua risiti zako za mwaka mzima, zitenge mafungu mawili, za kulazwa na za nje, uone Sh30,000 ya familia ya watu wanne itafika mwezi gani. Huenda ukagundua kwamba bima inayotangazwa si ile mwanao anayoihitaji, na hapo mapambano yako yote yatabadilika.

Pesa nazo tuzihesabu, kwa sababu vijana wenu wanadhani wanachagua kati ya Sh2,000 na kitu cha bure. Nyongeza ya Sh2,000 haifiki nyumbani yote. Kwa viwango vya mwaka 2025, mtu wa Sh32,000 hukatwa humo NSSF, akiba ya uzeeni, 6%, yaani Sh120, SHIF, ndiyo makato ya SHA, 2.75%, Sh55, na ushuru wa nyumba 1.5%, Sh30. Inabaki Sh1,795, nayo hutozwa kodi ya mapato, PAYE, ya 25%. Kinachoingia mfukoni ni kama Sh1,346. Lile la pili, Sh600, litaingia kama Sh404. Tofauti halisi ni Sh942 kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei ambayo kila mmoja wenu anaombwa ailipie bima.

Tazama sasa upande wa kampuni. Ikitoa nyongeza, kampuni nayo huongeza NSSF 6% na ushuru wa nyumba 1.5% juu yake. Kwa hivyo ile Sh1,400 inayopungua kwenye nyongeza inaiokolea kampuni Sh1,505 kwa kila mtu kila mwezi. Zidisha kwa watu 480 na miezi 12: ni Sh8,668,800 kwa mwaka. Na bima ya matibabu anayolipiwa mfanyakazi wa kudumu na mwajiri wake haitozwi kodi kama sehemu ya mshahara, ndiyo maana shilingi ya bima yaweza kufika mbali kuliko shilingi ya nyongeza. Hilo ni la kweli na ni hoja nzuri ya upande wa bima.

Lakini ndani ya hesabu hiyo kuna swali ambalo lazima liulizwe mezani: bima yenyewe kampuni inainunua kwa bei gani? Ikiwa ni zaidi ya Sh8.6 milioni, kampuni inachangia matibabu yenu kikweli. Ikiwa ni chini ya hapo, mnajilipia wenyewe yote na chenji inabaki kwa mwajiri. Huhitaji kubahatisha. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, kifungu cha 57, inamtaka mwajiri atoe kwa chama habari zote zinazohusika ili majadiliano yawe ya haki. Ombeni kwa barua bei walizopewa na kampuni za bima, pamoja na rasimu ya masharti, si muhtasari wa ukurasa mmoja wenye picha ya familia inayocheka. Katibu wa tawi anaweza pia kutafuta bei zake kupitia wakala aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Katika kutafuta huko, peaneni idadi ya watu, umri na ukubwa wa familia tu. Majina na magonjwa yasitoke: habari za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Vijana wasikilizwe vilevile, wana hoja ambayo wenye familia huipuuza. Nyongeza ikishaingia kwenye mshahara haitoki. Ovataimu huhesabiwa juu yake, nyongeza ijayo huanzia hapo, na mtu akitaka mkopo wa Sacco mshahara huo ndio unaotazamwa. Bima hupangiwa bei upya kila mwaka. Mwaka mkiugua sana, kampuni ya bima hupandisha ada, na mwajiri akishindwa au akikataa, kikomo kinapunguzwa au mnaanza kutoa kitu mfukoni kila mnapoonana na daktari. Na siku mtu akiachishwa kazi, bima inaisha naye, mara nyingi wakati ambao familia inaihitaji kuliko siku zote.

Kwa hiyo kama mtaelekea kwenye bima, maneno ya mkataba yana uzito kuliko jina lake. Mkataba ukisema "kampuni itatumia Sh18,000 kwa kila mfanyakazi kwa mwaka," bei ikipanda matibabu yatapungua na hakuna aliyevunja mkataba. Ukisema "kampuni itatoa kulazwa hadi kiasi hiki, matibabu bila kulazwa hadi kiasi hiki, magonjwa sugu na ya kuzaliwa nayo hadi kikomo chote bila kungojea," kupanda kwa bei kunambana mwajiri. Wekeni pia kwamba mwajiri akichelewesha ada na hospitali ikakataa kadi, bili ni yake. Mtoto mchanga aingie tangu kuzaliwa. Na orodha ya hospitali muisome kwa jicho la mtu wa zamu ya usiku: mwenzenu anayekaa Mtongwe au Likoni, mtoto akishikwa saa nane usiku, hospitali iliyo kisiwani peke yake itamfaa nini akiwa bado anangoja feri? Wa Mazeras na Mariakani je? Mkataba ukishakubaliwa unatakiwa upelekwe Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi kusajiliwa ndani ya siku 14, na huanza kutekelezwa kisheria ukishasajiliwa. Kabla ya hapo ni ahadi.

Tena, nani aliyesema mambo ni mawili tu? Kampuni ndiyo iliyoyaweka mawili. Mnaweza kurudisha la tatu: nyongeza ya kati, tuseme Sh1,200, na bima ya kulazwa peke yake, matibabu madogo yakiachwa kwa SHA kwenye zahanati na vituo vya afya, ambako huduma za msingi hulipiwa na mfuko wa serikali. Au kampuni iweke hazina yake ya matibabu, ilipe bili zenyewe badala ya kununua bima, ikisimamiwa na kamati ya pande zote mbili. Hatari ya hazina ni kwamba watu watatu wakiugua vibaya mwaka mmoja inaweza kukauka, basi lazima pawe na bima ya kuikinga kwa yale makubwa. Uzuri wake ni kwamba ugonjwa kama wa binti yako hauhitaji ruhusa ya kampuni ya bima. Unahitaji kamati ikubali mara moja iandike.

SHA nayo msiibeze kwa sababu ya hasira. Kwa mshahara wa Sh32,000, makato ya 2.75% ni Sh880. Enzi za NHIF, bima ya serikali iliyotangulia SHA, mtu huyo alikatwa Sh900. Walioumia zaidi na mfumo huu ulioanza Oktoba 2024 ni wa mishahara mikubwa, maana NHIF iliishia Sh1,700 na SHIF haina kikomo cha juu. Bima nyingi za makampuni huandikwa SHA ilipe kwanza, kisha bima imalizie. Kwa hivyo hakikisha leo hii binti yako ameandikishwa kama tegemezi wako kwa cheti chake cha kuzaliwa, na kwamba makato yako yanafika: piga *147# uangalie. Mwajiri anatakiwa awe ameyapeleka kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Akichelewa, anayeaibika kwenye dirisha la hospitali ni mfanyakazi.

Umeuliza kwa nini serikali isiwalazimishe waajiri wakubwa. Swali lako ni la haki, na si geni. Kwenye NSSF mwajiri huweka 6% yake kando ya 6% yako. Kwenye ushuru wa nyumba huweka 1.5% yake. Kwenye afya, Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 inamwachia kazi ya kukata na kupeleka tu. Majirani wamefanya vingine: Tanzania, mtumishi wa umma huchangia NHIF yao 3% na mwajiri wake 3%, Rwanda, mpango wa watumishi ni 7.5% kwa 7.5%. Kwetu kuna kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinachomtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi anayeugua anapata dawa, na ikiwezekana tabibu ugonjwa ukiwa mkubwa, lakini kifungu hicho hicho kinamwondolea jukumu pale matibabu yanapotolewa chini ya bima iliyowekwa na sheria. Aliyeumia kazini ni habari nyingine: chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, gharama ya matibabu ni ya mwajiri, na msikubali jeraha la mashine litibiwe kwa bima mnayoijadili sasa wala kwa daftari la mchango.

Mimi natamani waajiri wakubwa wachangie, nasema wazi. Lakini angalia mstari unapochorwa. Marekani, sheria ya afya ya 2010 iliwabana waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi wa kutwa, na kutwa ikahesabiwa kuanzia saa 30 kwa wiki. Hawaii walitangulia mwaka 1974: anayefanya saa 20 kwa wiki au zaidi lazima apewe bima, na mchango wake yeye usizidi 1.5% ya mshahara. Popote mstari ulipo, kuna mwajiri atakayetafuta mtu wa saa 29, au wa saa 19, au atakayewahesabu wafanyakazi wake wabaki 49. Hapo kwenu mstari tayari upo, nao ni wale 200 wa ajenti. Hawamo kwenye elfu mbili wala kwenye bima. Na kadiri mfanyakazi wa kudumu anavyogharimu zaidi, ndivyo kampuni itakavyovutiwa kumchukua wa ajenti nafasi inapotokea. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi mmoja, au kazi isiyotarajiwa kumalizika chini ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa wa mkataba wa mwezi. Ajenti akiwa katikati mambo huwa magumu kuthibitisha, kwa hivyo huenda ikafaa mkataba wenyewe uweke ukomo wa idadi yao. Nimelitaja kwa sababu barua yako iliwapitia kwa sentensi moja, na nao pia wana watoto.

Sasa mlango uliofungwa. Uliondoka bila kusema kitu, na naelewa. Mtu amemtaja mtoto wako mgonjwa na matibabu yake kwa mkupuo mmoja. Ni nani angejibu papo hapo? Ila fikiria ahadi ile imesimama juu ya nini. Haikuandikwa. Bima ya mameneja ina orodha yake ya wanaostahili, na wewe humo. Siku ya madai ya kwanza mtu wa bima atauliza mtoto huyu ni wa nani, na jibu la "ni wa mfanyakazi wa kiwandani" litamtoa. Hata akibaki, atabaki kwa muda wote utakaomridhisha meneja yule, na kila mkataba ujao utakuwa ukikaa mezani ukimwogopa. Juu ya hayo, faida ya siri inayotolewa ili mtu apindishe kazi aliyokabidhiwa na wenzake huweza kuitwa hongo chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, kwa mtoaji na kwa mpokeaji pia.

Kukataa nako kuna hatari zake, sitakudanganya. Ruhusa zako za hospitali zinaweza kuanza kuhojiwa. Ndiyo maana, ukiamua kukataa, usikatae peke yako chumbani. Andika leo kilichosemwa, tarehe na saa, ukiweke nyumbani. Mweleze katibu wa tawi. Kisha jibu linaweza kuwa fupi na la heshima: mambo ya matibabu nayajadili kwenye kamati. Weka nakala za kila ombi la ruhusa na barua ya daktari. Sheria ya Ajira, kifungu cha 46, haikubali kazi ya chama wala malalamiko ya haki yawe sababu ya kumfukuza mtu. Ulinzi huo haufanyi kazi wenyewe, unahitaji karatasi.

Kuhusu kuwaambia wenzako, sioni kwamba lazima utaje ugonjwa. Kati ya kusema yote na kuficha yote kuna nafasi kubwa. Unaweza kuwaambia: "Nyumbani kwangu kuna mtu anayehitaji matibabu ya kila mara, kwa hivyo nina haja na bima. Nimeomba mwenzangu aongoze kikao cha kura." Kisha mwache asiye na mtoto asimamie hesabu, wewe ukae na wengine, na kura iwe ya siri. Faida yake ni kwamba hakuna atakayekuvizia na siri. Hasara ni kwamba watu watauliza, na Changamwe maneno hayalali. Huenda likafika ulikokuwa hutaki. Ndiyo maana huyo mkeo lazima awe ameridhia kabla, kwa sababu maneno ya watu yatamwangukia yeye kwanza. Je, mmewahi kulizungumza hili mkiwa wawili, binti akiwa amelala, au kila mara huwa ni mbio za hospitali?

Na wenzako wakichagua elfu mbili baada ya kuziona hesabu zote, hapo pia hutakuwa umemtupa mwanao. Omba nafasi ya hazina ndogo ya magonjwa sugu ndani ya mkataba huo huo, au Sacco yenu ifungue mfuko wa matibabu wenye kanuni, si daftari. Ukiamua kununua bima binafsi, una nafuu ya kodi ya 15% ya ada unayolipa, hadi Sh5,000 kwa mwezi, lakini soma kwanza ukurasa wa magonjwa ya kuzaliwa nayo, kwa sababu bima ya mtu mmoja mmoja huwa kali zaidi hapo kuliko ya kikundi. Na kliniki ya binti isikatike kwa ajili ya vikao hivi, hata wiki moja, kwa sababu dawa ya kila siku ndiyo inayopunguza zile siku za kulazwa.

Ukipata rasimu ya masharti ya bima, tafuta kwanza maneno "magonjwa ya kuzaliwa nayo" na "yaliyokuwepo kabla". Yasipokuwemo, uliza kwa barua ni kwa nini hayamo, ujibiwe kwa barua.